Maswali ya Wasomaji: Kisima, Akwifa na Mto

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: chini ya bonde la mto kuna maji kiasi gani, na mangapi kati ya hayo yanaweza kuchukuliwa? Neno tutakalolirudia ni akwifa, yaani tabaka la mchanga, changarawe au mwamba wenye nyufa lililoshika maji na lenye uwezo wa kuyaachia kisima kinapolifikia. Hilo la kuachia ndilo linalosahaulika. Udongo wa mfinyanzi hushika maji mengi kuliko mchanga, lakini ukichimba kisima ndani yake utakaa na ndoo tupu.

SWALI: Tunaambiwa chini ya bonde letu kuna "ziwa" kubwa. Maji hukaa huko kama ziwa au kama mto, na wingi wake hupimwaje?

JIBU: Ukiacha mapango ya mawe ya chokaa, hakuna ziwa wala mto. Maji hukaa katika vinafasi kati ya punje za mchanga, au ndani ya nyufa za mwamba ambazo nyingine hazizidi unene wa karatasi.

Kuna namba mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni uwazi, yaani sehemu ya tabaka ambayo si punje. Ya pili ni utoaji, yaani sehemu ya tabaka ambayo maji yake hutoka yakiachwa yajichuje yenyewe. Mfinyanzi unaweza kuwa na uwazi wa asilimia 50 na utoaji wa asilimia 2 hadi 5 tu, kwa kuwa punje zake ni ndogo mno na maji yamezigandama. Mchanga wa wastani una uwazi wa asilimia 30 hadi 40 na hutoa kama asilimia 25. Itale isiyopasuka haifiki hata asilimia 1 ya uwazi.

Kwa hiyo anayezidisha eneo, unene wa tabaka na uwazi, kisha akakutangazia mabilioni ya lita, amekuhesabia na maji yasiyotoka kamwe. Hesabu yenye maana hutumia utoaji: katika kilomita 1 ya mraba ya mchanga unaotoa asilimia 20, usawa wa maji ukishuka mita 1, yaliyotoka ni mita za ujazo 200,000. Ishike namba hiyo, tutaihitaji mbele.

SWALI: Kisima cha jirani, mita 60 tu kutoka kwangu, kinatoa maji vizuri. Changu kimefika mita 110 kwenye itale na karibu ni kikavu. Wachimbaji wanashauri tuendelee hadi mita 150. Nikubali?

JIBU: Kwa itale na jamaa zake, jibu letu ni hapana, mpaka wakuonyeshe sababu iliyo nje ya "huenda".

Mwamba mgumu wa kale, ukiwa mzima, hauna maji. Una maji pale ulipooza na pale ulipopasuka. Juu kuna udongo, kisha tabaka lililooza lenye mfinyanzi mwingi, linaloshika maji lakini kuyaachia kwa shida. Chini yake ni vipande na kokoto za mwamba uliooza nusu, halafu mwamba mzima wenye nyufa. Sehemu nono ni pale kuoza kunapokutana na nyufa, ambapo mara nyingi ni kati ya mita 20 na 60. Ukishuka zaidi, uzito wa mwamba wenyewe hubana nyufa, na kila mita unayoongeza ina nafasi ndogo ya kukutana na ufa kuliko iliyotangulia. Visima vya namna hii hutoa kwa kawaida mita za ujazo 0.5 hadi 3 kwa saa. Kwa pampu ya mkono inatosha. Kwa umwagiliaji wa maana haitoshi.

Tofauti kati yako na jirani ni kwamba yeye amekata ufa, au kwake tabaka lililooza ni nene zaidi. Mita 60 ni mbali sana kwa ufa.

Kabla ya kuamua, dai kumbukumbu ya uchimbaji. Inapaswa kuonyesha, kwa kila mita, muda uliotumika kuipita, rangi na ukubwa wa vipande vilivyotoka, na kina ambacho maji yaliongezeka. Kama kuanzia mita 65 kuna unga wa kijivu wa aina moja, kasi ile ile na hakuna tone lililoongezeka, mita 40 zijazo zitafanana na hizo. Lakini kama mita chache za mwisho zimeleta vipande vyenye kutu au kasi imeongezeka ghafla, kuna dalili ya ufa na inafaa kusogea kidogo.

Kisima kinachotoa kidogo, lakini si kikavu kabisa, kinaweza kusaidiwa kwa kufunga sehemu yake ya chini na kusukuma maji kwa shinikizo kubwa ili kufungua na kuunganisha nyufa zilizopo. Njia hiyo hufaa mwamba mgumu pekee. Ukiamua kuchimba kwingine, upimaji wa umeme wa ardhi ufanyike kwenye mstari mzima, si nukta moja, ukitafuta mahali ambapo tabaka lililooza linazama. Na usimwamini anayesoma namba hizo kama ramani ya maji: mfinyanzi uliolowa na mchanga wenye maji ya chumvi vyote hupitisha umeme vizuri, na kifaa hakivitofautishi. Kinachovitofautisha ni kisima kilichochimbwa karibu na kuandikwa.

SWALI: Tutajuaje maji ya chini yanaelekea wapi? Tunataka kuweka vyoo vya shimo upande usiochafua kisima.

JIBU: Mnahitaji visima vitatu visivyo kwenye mstari mmoja, vyote vya akwifa moja. Usibahatishe kwa kutazama mteremko wa uso wa ardhi. Mara nyingi maji huufuata, lakini si siku zote.

Pimeni kwanza mwinuko wa mdomo wa kila kisima kwa kifaa cha mpima ardhi au, pakikosekana, kwa bomba jembamba la plastiki linaloona ndani lililojazwa maji. Kosa la sentimita 20 hapa laweza kugeuza mwelekeo wote. Kisha siku moja, pampu zote zikiwa zimepumzika tangu usiku, pimeni kina cha maji na kukitoa kwenye mwinuko wa mdomo.

Tuseme A ni mita 412.60, B ni 411.40 na C ni 410.60. Umbali kutoka A hadi C ni mita 400 na tofauti ni mita 2. Usawa wa B uko mita 1.2 chini ya A, yaani sehemu 0.6 ya tofauti hiyo, hivyo kwenye mstari wa A hadi C usawa kama wa B utakuwa mita 240 kutoka A. Unganisheni nukta hiyo na B: huo ni mstari wa usawa mmoja. Maji husafiri kuukata kwa pembe mraba, kuelekea upande wa C. Kama kutoka C hadi mstari huo ni mita 128, mteremko ni 0.8 gawanya kwa 128, yaani 0.00625.

Kasi sasa. Henry Darcy, mhandisi wa mji wa Dijon, Ufaransa, alionyesha mwaka 1856 kwamba maji yanayopita kwenye mchanga huongezeka sawia na mteremko. Zidisheni upitishaji wa tabaka kwa mteremko, kisha mgawanye kwa uwazi (wengi husahau kugawanya, wakapata kasi ndogo kuliko ilivyo). Kwa mchanga unaopitisha mita 8 kwa siku na uwazi wa 0.25, ni mita 0.2 kwa siku, au kama mita 73 kwa mwaka.

Kanuni inayotumika sana kwa vijidudu ni kuvipa siku 50 za safari ardhini ili vife. Kwa kasi hiyo ni mita 10 tu, ndiyo maana umbali wa mita 30 unaozoeleka hutosha kwenye mchanga mwembamba. Haufai kwenye mawe ya chokaa na mwamba wenye nyufa, ambako maji yanaweza kwenda mamia ya mita kwa siku bila kuchujwa. Kumbukeni pia kwamba kisima kinachopampuliwa kwa nguvu huvuta maji kutoka pande zote, hata upande wa chini. Na nitrati kutoka chooni haifi kwa siku 50. Hiyo husafiri na maji, na kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 50 kwa lita.

SWALI: Kampuni iliyotuchimbia ilipampu kwa saa 3 na kutuandikia kuwa kisima "kinatoa mita za ujazo 12 kwa saa". Baada ya miezi 4 pampu inavuta hewa. Walitudanganya?

JIBU: Huenda waliona 12 kweli. Tatizo ni saa 3.

Pampu ikianza, usawa wa maji kuzunguka kisima hushuka kwa umbo la faneli inayopanuka kadiri muda unavyokwenda. Katika saa 3 faneli hiyo bado ni ndogo na haijakutana na kuta za akwifa. Dakika za mwanzo kabisa hazihusiani hata na akwifa: kisima cha kipenyo cha milimita 150 kina karibu lita 18 katika kila mita, kwa hiyo safu ya mita 40 ni lita 700, na ukivuta mita za ujazo 10 kwa saa unaweza kumaliza dakika nne ukinywa maji yaliyokuwa tayari ndani ya kisima tu.

Jaribio linalostahili jina hilo huanza siku moja kabla, kwa kupima usawa wa maji yaliyotulia na kuwaomba majirani wazime pampu. Huja kwanza hatua tatu au nne za kasi inayopanda, kila moja saa 1 hadi 2. Kisima kinaachwa kijirudie, kisha kinapampuliwa kwa kasi moja: saa 24 ni kiasi cha chini kwa akwifa iliyofunikwa, yaani yenye tabaka lisilopitisha maji juu yake, saa 72 kwa iliyo wazi, isiyo na kifuniko hicho. Mwishoni pampu huzimwa na maji yanayopanda hupimwa kwa uangalifu ule ule. Wengi huondoka hapo, wakati hiyo ndiyo data safi kuliko zote, kwani hakuna pampu inayotikisa maji.

Pima kina kila dakika kwa dakika 10 za kwanza, kila dakika 5 hadi saa ifike, kila nusu saa hadi saa ya nne, halafu kila saa. Kasi ya maji pimeni kwa pipa na saa: pipa la lita 200 likijaa kwa sekunde 72, ni mita za ujazo 10 kwa saa. Ikibadilika kwa zaidi ya asilimia 5, rekebisha valvu. Na maji yapelekwe kwa bomba mita 100 hadi 200 chini ya mteremko, mbali zaidi kama akwifa iko karibu na uso. Yakimwagwa karibu na kisima yanarudi chini, na kisima kitaonekana hodari kwa kunywa maji yake mwenyewe.

Chora kushuka kwa maji dhidi ya muda kwenye karatasi ya logi, ambayo upande wa muda hupanda kwa mara kumi kumi: dakika 1, 10, 100, 1,000. Ukipata mstari ulionyooka, soma kushuka kati ya dakika 10 na 100, au 100 na 1,000. Uwezo wa akwifa kupitisha maji, yaani upitishaji ukizidishwa kwa unene wa tabaka, ni 0.183 mara kasi ya kupampu kwa siku, gawanya kwa kushuka huko. Kwa mita za ujazo 240 kwa siku na kushuka kwa mita 1.2, ni karibu mita za mraba 37 kwa siku. Ila thamani kubwa ya mchoro huo ni mikunjo yake. Mstari ukiinama ghafla na mwinamo kuwa maradufu, faneli imegonga ukuta usiopitisha maji. Ukilala, imefika mtoni au inavujiwa na tabaka la juu. Kwa dalili mliyoeleza, tungeweka dau kwenye ukuta, na ungeonekana kabla ya saa 24 kwisha.

Zile hatua nazo zina kazi yake: kutofautisha ubaya wa akwifa na ubaya wa kisima. Gawanya kushuka kwa kasi katika kila hatua. Tuseme kwa mita za ujazo 4 kwa saa maji yalishuka mita 2.0, kwa 8 yakashuka 4.8, kwa 12 yakashuka 8.4. Majibu ni 0.50, 0.60 na 0.70. Mstari huo ukirudishwa hadi kasi sifuri unafika 0.40. Kwa hiyo katika hatua ya 12, akwifa yenyewe inadai mita 4.8, mita 3.6 zilizobaki zinapotea kwenye msukosuko wa maji yanapoingia kisimani. Hasara kama hiyo hutokana na chujio (sehemu ya bomba la kisima yenye matundu ya kuingizia maji) lililoziba, matundu machache, au kisima ambacho hakikusafishwa vizuri baada ya kuchimbwa. Kusafisha upya kwa hewa ya kompresa au kwa kusukuma maji mbele na nyuma kwenye chujio kunaweza kuziokoa, na ni hekima kufanya hivyo kabla ya kununua pampu kubwa.

Pampu yenyewe isikae mkabala na chujio, maana itavuta mchanga. Ikae kwenye bomba zima, na chini ya usawa wa maji unaotarajiwa mwisho wa kiangazi, si ule wa siku ya jaribio.

SWALI: Kisima chetu kiligonga maji mita 70, yakapanda yenyewe hadi mita 9. Tukaona ni neema isiyoisha. Mwaka wa tatu sasa yako mita 24, na hata visima vya mbali vimeshuka. Maji yamekwisha?

JIBU: Hayajakwisha. Kilichoshuka ni shinikizo. Akwifa yenu imefunikwa na tabaka lisilopitisha maji, mfinyanzi bila shaka, na maji yake yamebanwa kama yaliyo ndani ya bomba. Ukitoboa paa, yanapanda. Yakifika juu ya ardhi huitwa kisima cha artesi, jina lililotokana na jimbo la Artois, Ufaransa. Kupanda huko hakusemi lolote kuhusu wingi.

Rudieni ile hesabu ya kilomita 1 ya mraba. Kwenye akwifa iliyo wazi, kushuka mita 1 kulitoa mita za ujazo 200,000, kwa kuwa mchanga ulikauka kweli. Kwenye iliyofunikwa mchanga haukauki: maji hutanuka kidogo sana na tabaka hubonyea kidogo sana. Kipimo kinachochukua nafasi ya utoaji hapa mara nyingi ni kati ya 0.00005 na 0.005. Kwa 0.0002, mita 1 ya kushuka hutoa mita za ujazo 200. Mara elfu moja pungufu. Ndiyo maana usawa unaanguka haraka na athari inafika mbali, hata kilomita kadhaa, kwa wanaopampu kidogo tu.

La kuogopa zaidi ni mfinyanzi wenyewe. Shinikizo likishuka kwa miaka, hubanwa, maji yake hukamuliwa na ardhi ya juu hutitia. Sehemu za Mexico City na za bonde la San Joaquin huko California zimezama zaidi ya mita 8 kwa sababu hiyo. Mfinyanzi uliokwisha kubanwa haurudi, hata mvua zikinyesha miaka kumi.

Jambo dogo: kwenye akwifa kama yenu, usawa wa maji hupanda na kushuka kwa sentimita kadhaa kufuata shinikizo la hewa. Hewa ikipungua uzito maji hupanda. Msishangilie hizo.

SWALI: Kiangazi mto wetu hubaki uzi. Wakulima walikatazwa kuvuta mtoni, wakaruhusiwa kuchimba visima mita 500 kutoka kingo, kwa hoja kwamba visima haviugusi mto na kwamba jumla haizidi maji ya mvua yanayopenya ardhini. Hoja hiyo ni sahihi?

JIBU: Zote mbili si sahihi, na hii ya pili ndiyo mbaya zaidi kwa sababu inasikika ya kisayansi.

Jiulizeni mto unapata wapi maji miezi mitatu baada ya mvua ya mwisho. Unalishwa na akwifa. Kabla ya kisima cha kwanza, kila tone lililopenya ardhini lilikuwa tayari na mahali pa kutokea: mtoni, kwenye chemchemi, kwenye kinamasi, au kupitia mizizi ya miti ya kandoni. Mtaalamu wa Marekani Charles Theis alieleza mwaka 1940 kwamba maji ya kisima yana vyanzo vitatu tu: akiba ya akwifa inayopungua, ujazaji unaoongezeka, au utokaji wa asili unaopungua. Mvua haiongezeki kwa sababu mmechimba. Kwa hiyo mkivuta kiasi sawa na maji yote yanayopenya, akwifa huenda isikauke, lakini mto utakauka. Kipimo cha kujali ni kiasi gani cha mtiririko wa mto mko tayari kuupoteza. Hilo ni swali la watu wa bonde, halijibiwi na mvua.

Visima huchelewesha madhara, na kuchelewesha huko ndiko kunakodanganya. Kadirieni hivi: umbali hadi mto, ukizidishwa kwa wenyewe, mara utoaji wa akwifa, gawanya kwa uwezo wake wa kupitisha maji. Kwa mita 500, utoaji 0.2 na uwezo wa mita za mraba 200 kwa siku, mnapata siku 250. Baada ya muda huo, karibu nusu ya kila lita inayotoka kisimani ni maji yaliyopaswa kuwa mtoni. Kisima cha mita 2,000 kitafikia hali hiyo baada ya siku 4,000, miaka 11 hivi. Na pampu zikizimwa, mto huendelea kupoteza kwa muda mrefu, mpaka faneli zijae. Makadirio haya huchukulia mto uliokatiza akwifa yote na kitanda kinachopitisha maji vizuri. Kitanda cha tope zito hupunguza kasi ya athari, hakiifuti.

Mtajuaje kama mto wenu unalishwa au unalisha? Pigilieni bomba la milimita 25 katika kitanda cha mto, mita 1 kwenda chini, likiwa na matundu kwenye sentimita 15 za mwisho. Acheni litulie. Maji ya ndani yakisimama juu kuliko uso wa mto, akwifa inaulisha mto hapo. Yakiwa chini, mto unapoteza. Rudieni sehemu kadhaa, kwa maana mto mmoja waweza kulishwa kwenye milima na kupoteza kwenye tambarare.

Njia nyingine ni kupima mtiririko juu na chini ya eneo hilo siku moja ya kiangazi, mkiongeza na kutoa vijito na mifereji iliyopo kati. Vipimo vya mtiririko hukosea asilimia 5 au zaidi, kwa hiyo tofauti ndogo kuliko hiyo si ushahidi wa lolote.

SWALI: Ujazaji huo wa mvua hupimwaje bila vifaa ghali?

JIBU: Njia ya bei nafuu kuliko zote ni kloridi. Mvua huja na kloridi kidogo. Mimea na jua hunywa maji na kuiacha. Zidisha mvua ya mwaka kwa kloridi ya mvua, gawanya kwa kloridi ya maji ya ardhini. Mvua ya milimita 800 yenye miligramu 1 kwa lita, na kisima chenye miligramu 20, ni milimita 40 kwa mwaka, asilimia 5 ya mvua. Hesabu hii huharibika pakiwa na vyoo, mbolea, chumvi ya kale kwenye mwamba, au mafuriko yanayotiririka kabla ya kupenya. Pima pia kloridi ya mvua kwa msimu mzima. Sampuli ya mvua moja haifai.

Ilinganishe na kupanda kwa usawa wa maji baada ya masika, kukizidishwa kwa utoaji: mita 1.5 kwenye tabaka linalotoa asilimia 3 ni milimita 45. Njia mbili zikikaribiana hivyo, mna namba ya kufanyia kazi.

SWALI: Maji hutoka safi kabisa, yakikaa ndooni saa moja yanageuka mekundu. Ni uchafu?

JIBU: Ni chuma. Ndani ya akwifa isiyo na hewa chuma huyeyuka na hakionekani. Kikikutana na oksijeni huwa kutu. Huanza kutia nguo madoa kwenye miligramu 0.3 kwa lita. Yarusheni maji hewani kwenye trei zenye matundu, kisha yapite kwenye mchanga. Mkiona utelezi wa rangi ya machungwa kwenye pampu, ni bakteria wa chuma, na wataziba chujio wasipotibiwa kwa klorini. Ila kama bomba la kisima au la pampu ni la chuma na maji ni ya ugwadu, pimeni asubuhi na tena baada ya kupampu saa moja. Wekundu ukipungua sana, kinacholika ni bomba.

SWALI: Tumepewa kazi ya kufuatilia usawa wa maji katika visima 6. Tupime mara ngapi, na wapi watu hukosea?

JIBU: Mara moja kwa mwezi, tarehe ile ile, inatosha kuonyesha misimu, kila wiki wakati wa masika. Kisima kiwe hakijapampuliwa kwa saa 12 angalau, au muwe na kimoja kisichotumika kabisa. Andikeni tarehe, saa, kina, na kama kuna pampu ya jirani iliyokuwa ikifanya kazi. Msiandike "kawaida".

Makosa makubwa hutokea mdomoni mwa kisima. Pigeni alama ya rangi pale mnapopimia na mwandike urefu wake kutoka ardhini. Fundi akija kubadilisha pampu na kukata sentimita 30 za bomba, kina kitapungua kwa sentimita 30 usiku mmoja, na mwaka ujao mtu atasoma daftari na kuandika ripoti kuhusu akwifa iliyojirudisha.